Siku Niliyoagwa na Sikuwa Naenda Popote

Hii aibu sijawahi kuisimulia vizuri mpaka mwisho, huwa naishia katikati najifanya nimepigiwa simu, lakini leo acha tu niimalize.

Mimi ni nesi. Niko kituo cha afya huko Kangemi, upande wa kliniki ya watoto, kazi yangu ni kupima uzito, kuchanja, na kufuatilia wale watoto ambao hawaongezi kilo. Mwaka jana nilifanya kile kila nesi wa rika langu anafanya, nikaomba kazi Uingereza. Wakala alikuwa na ofisi pale Hurlingham, ghorofa ya tatu, viti vya ngozi na maji baridi ya bure, na kila nikitoka pale najihisi kama nimeshapanda ndege nusu. Nikafanya mtihani wa Kiingereza nikapita. Nikahojiwa kwa kompyuta nikapita pia (nilikuwa nimevaa blauzi ya heshima juu na slipasi chini). Barua ikaja: kazi ya kutunza wazee, mkataba wa miaka mitatu.

Nikakaa nayo wiki nzima, halafu nikaikataa.

Watu hudhani mtu anakataa kazi kama hiyo kwa sababu moja kubwa. Mimi sikuwa nayo. Kijana wangu Jayden alikuwa na miaka minne na mwaka wa kwanza hangeruhusiwa kuja. Sister Auma, mkubwa wetu pale kituoni, alikuwa amenikabidhi ile kliniki ya watoto niiendeshe ninavyoona, na sijui kama mnaelewa vile hiyo kitu inamfanya mtu aamke asubuhi. Na uoga pia ulikuwepo, siwezi kudanganya. Wenzangu wawili walienda na wanafurahi, daktari wetu mmoja alihamia kliniki ya kibinafsi kwa kuchoka kuomba glavu, na sikumlaumu hata mmoja. Mimi tu nikaona nabaki.

Sasa shida. Jumatano moja niko na mtoto kwenye mizani, analia mpaka dirisha linatetemeka, Mami akapiga simu kutoka nyumbani kwake Mutuini.

"Njeri, ile maneno ya Uingereza imefika wapi?"

"Imeisha, Mami," nikasema.

Nilimaanisha imeisha, basi, tuachane nayo. Yeye akasikia imekamilika.

"Imeisha! Bwana asifiwe!" Akapiga nduru ambayo hata mama wa yule mtoto aliisikia. "Jumapili ukuje nyumbani, na uvae vizuri!"

Hapo ndipo ningesema, "Ngoja, Mami, hukunielewa." Sekunde tano tu. Lakini mtoto alikuwa anateleza kwenye mizani, foleni imefika langoni, nikajiambia nitamweleza Jumapili tukiwa wawili jikoni na chai. Uamuzi mdogo hivyo. Nikakata simu nikaandika kilo.

Jumapili nikafika nikakuta hema.

Hema la rangi nyeupe na buluu, katikati ya shamba la Mami, na viti vya plastiki, na akina mama wote wa ushirika wa kanisa, na mchungaji ameketi mbele na soda yake. Mukimo wa viazi na mahindi kwenye beseni. Nyuma ya nyumba wanawake wawili wa kukodiwa wanapika chapati kwa moshi. Nikamshika Mami mkono nikamwambia, "Mami, nataka tuongee kidogo," akanijibu, "Utaongea, usijali, utapewa maiki," akanisukuma kwa kiti cha mbele.

Nikaimbiwa. Nikaombewa (mchungaji aliiombea mpaka ndege, tairi zake na rubani wake). Halafu zikaja zawadi: sanduku la magurudumu, soksi za sufu, blanketi, na mwisho mwenyekiti wa akina mama, Mama Kamau, akatoa koti. Koti zito la baridi, refu mpaka magotini, lina manyoya kwenye kofia. Jua la saa saba linawaka.

"Hebu avae tuone!" akasema mtu.

Nikavalishwa. Mama Kamau mwenyewe akanifungia zipu hadi kidevuni, na ile zipu ikafika hapo ikakwama. Akaivuta chini, ikakataa. Akasema, "Haidhuru, si ni vizuri azoee," watu wakacheka, nikapewa maiki.

Wacha niwaambie vile ilikuwa. Jasho linatiririka mgongoni, manyoya yananichoma shavu, watu sitini wananiangalia kwa upendo, na Mami ameshalia, ameshika kitambaa. Na badala ya kusema ukweli, mimi, mtu mzima aliyesomea kazi, nikasema:

"Nawashukuru sana. Nikiwa huko... nitawakumbuka."

Makofi. Na makofi yalipotulia tu, mmoja wa wale wanawake wa kukodiwa, aliyekuwa anapitisha sinia la chapati, akasimama mbele yangu, akakunja macho, akasema kwa sauti ya mtu anayefurahi kweli:

"Ai, sista! Ni wewe? Na si uliniambia Jumanne nimlete Brayo apimwe tena?"

Alikuwa Violet, mmoja wa akina mama wa kliniki yangu ya Kangemi. Mtoto wake Brayo alikuwa ndio ameanza kuongeza kilo. Maiki ilikuwa kati yetu, ikabeba kila neno.

Mchungaji akageuka. "Jumanne gani? Kwani si anasafiri?"

"Ata mimi nashangaa," Violet akasema. "Alituambia mwaka huu wote yuko na sisi. Tulipiga makofi."

Nikamwangalia Mami. Kitambaa kilikuwa kimesimama nusu njia ya jicho.

"Njeri?"

"Mami, nilikataa," nikasema, na hata hiyo ikapita kwa maiki. "Nilikuwa nataka kukuambia imeisha, yaani nimeikataa."

Mtu mmoja nyuma akaweka sahani chini polepole. Mami akainuka, akakunja kitambaa chake mara nne, akaingia ndani ya nyumba. Nikataka kumfuata lakini nilikuwa nachemka ndani ya lile koti, sipumui vizuri, naivuta zipu kama mtu anayepigana na mwizi. Violet ndiye alikuja, akachovya kidole kwenye mafuta ya chapati, akaipaka zipu, akaivuta ikafunguka. "Pole, sista," akaninong'oneza. "Sikujua."

Nilimkuta Mami ameketi jikoni.

"Kukataa nimesikia," akasema bila kuniangalia. "Ni maisha yako. Lakini mimi ni mtu wa kuogopwa? Mimi, Njeri?"

Nilikuwa nimewaambia kina mama wote wa Kangemi nabaki, na mama yangu mzazi ndiye aliambiwa wa mwisho, tena kwa maiki.

"Basi utarudisha hivyo vitu," akasema. "Nyumba kwa nyumba. Na ueleze mwenyewe."

Nilirudisha. Jumamosi mbili natembea Mutuini na sanduku, nabisha lango baada ya lango. Nyumba ya kwanza nilieleza kwa nusu saa, Jayden, mkataba, Sister Auma, mpaka chai ikapoa. Mwenye soksi akaniita mjinga. Wa blanketi akaniambia bintiye alienda na sasa anaongea na wajukuu kwa simu tu, akanishika mkono muda mrefu. Kila nyumba maelezo yangu yakawa yanapungua. Kwa Mama Kamau, nikiwa na koti lenye doa la mafuta ambalo hakuna sabuni iliyolitoa, nilisema tu, "Naipenda kazi yangu ya pale." Nilijisikia nikiisema na nikajua ni kweli, kitu ambacho wiki ile nzima ya kuwaza na barua mkononi sikuwa nimekijua.

Mama Kamau akaniangalia. "Si ungesema hivyo tangu mwanzo, tungekula chapati kwa amani."

Mami alichukua karibu mwezi mmoja kabla ya kuanza kunitania. Wakala wa Hurlingham bado hunitumia ujumbe, na siwezi kuapa kwamba nitakataa kila mwaka. Jayden anakua, na siku nyingine tunafika kazini na hakuna hata pamba. Pengine siku moja nitaenda. Lakini nikienda au nikibaki, nitapanda mpaka Mutuini niketi mbele ya mama yangu nimwambie kwa mdomo wangu, polepole, na sitatoka hapo mpaka arudie nilichosema.