Magoti Yangu na Maturubai ya Kokoa

Usinicheke mapema, rafiki yangu. Mpaka nilipoota ndevu niliamini kwamba mtoto akikimbia mahali palipoanikwa kokoa, magoti yake yatavimba kama matunda ya kokoa, kisha siku moja yapasuke yenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, niliyapapasa yangu. Shule ya jioni iliniondolea ujinga mwingi, maana cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na watoto wawili, lakini habari ya magoti haikuwa kwenye mtaala.

Ilinirudia mwezi uliopita. Daktari aliniambia nimebeba mwili wa watu watatu, nikatembee. Nikaenda nyumbani Ngonga, huko Kyela, kwa dada yangu, nikavaa raba, nikatoka. Nitembee wapi? Bodaboda ya kwanza ilinipitia kwapani. Nikarudi natokwa jasho la hasira, nikaketi mkekani, na uwanja wetu wa zamani ukanijia.

Ulikuwa nyuma ya nyumba ya mnunuzi wa kokoa, mpana kulishinda Ziwa Nyasa lenyewe. Jioni ulinuka vumbi na samaki mbasa wa kukaanga wa mama jirani. Dada alikuwa na miaka kumi na mitano, na kwa mbio zake, nakuapia, kivuli chake kilifika nyumbani baada yake. Mwalimu alikuwa amemchagua kukimbia mashindano ya shule za wilaya. Alichokosa ni mahali pa kufanyia mazoezi tu.

Maana msimu ule mnunuzi aliutandika uwanja mzima maturubai. Kokoa kila upande, ukali wake puani kama togwa iliyochacha. Naye katikati, na fimbo.

"Tokeni hapa, mbuzi nyie! Miguu inawawasha?"

Nilimchukia mtu yule. Niliendelea kumchukia hadi mwezi uliopita, bila kupumzika hata Jumapili.

Dada akahamia barabarani. Wanaume wa kijiweni wakamzomea, "We binti, umeiba kuku wa nani?" na mabasi ya Mbeya yakamsukumia mtaroni. Akajaribu kwenye majaruba ya mpunga. Mvua ya Kyela ikiamua kunyesha, hata vyura hutafuta pa kupanda. Tope likammezea kiatu, mpaka leo hatujakiona. Mtaa mzima ulikuwa adui wa miguu yake.

Mwishowe akaanza kuamka alfajiri, akakimbia ukingoni mwa maturubai kabla mnunuzi hajafungua mlango. Nami nilikuwa nimeshasikia habari ya magoti, nikaamini imetoka kwa mnunuzi. Siku ya tatu nikamfuata, nikaning'inia kwenye sketi yake, nikalia hadi majogoo wa Malawi wakaitika.

"Dada, utapasuka!"

Akasimama. Akanishika mkono, tukarudi nyumbani kula ndizi. Hakukimbia tena. Kwenye mashindano alikwenda mtoto mwingine.

Leo uwanja ule ni ghala na safu ya fremu za maduka. Vijana wameketi juu ya pikipiki zilizozimwa, kinachofanya mazoezi ni kidole gumba, juu ya simu. Hakuna hata anayefukuzwa, kwa kuwa hakuna anayekimbia. Hilo liliniuma kuliko fimbo. Pale mkekani nikamgeukia dada, aliyekuwa akipepeta mchele, miguu yake mizito ameinyoosha mbele.

"Yule mzee wa kokoa alaaniwe," nikasema. "Yeye na uongo wake wa magoti."

Dada hakuinua kichwa.

"Si yeye. Ni mama. Maturubai mawili ya pale yalikuwa yetu, aliogopa mtamkanyagia kokoa yake."

"Mama?"

"Mama."

"Na wewe ukaamini, ukaacha mbio?"

Akapuliza pumba, akaweka ungo chini.

"Sikuamini hata siku moja. Pale ukingoni palikuwa na hatua kumi tu, mdogo wangu. Niliacha kwa sababu hapakuwa na pa kukimbilia."