Tahakiki Iliyofika Usenge

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa katika juma la kwanza la Januari, muda mfupi baada ya Uhuru, na swali la kwanza nililoulizwa halikuhusu vyeti. Mkutubi Mkuu wa maktaba yetu pale Kisumu, mama wa Kizungu mwenye sauti ya chini, aliniketisha mbele ya meza yake na kuniuliza, "Mwaka huu utasoma nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kama najua kupiga taipu. Mimi ni mzaliwa wa Sondu, na shule ya misheni niliyosoma ilikuwa na kabati moja la vitabu ambalo ufunguo wake alikaa nao mwalimu mkuu. Nikamjibu ukweli: "Sijui, Madam. Nitasoma nitakachopewa."

"Hapa hakuna wa kukupa," akasema. "Nenda kwenye rafu, urudi jioni na mpango wako."

Nilizunguka kati ya rafu siku nzima nikijifanya napangusa vumbi. Sikujua mtu huchaguaje anapoweza kuchukua chochote. Jioni nilirudi na majina machache ya vitabu niliyoyaandika kwa kubahatisha, naye akayasoma kwa makini kana kwamba yameandikwa na profesa.

Kazi yenyewe niliijua polepole. Ninyi mnaoazima vitabu hamwoni yanayotangulia. Kitabu kipya husajiliwa kwanza, yaani hupewa namba yake, kisha hubandikwa kijimfuko cha karatasi ndani ya jalada, na ndani ya kijimfuko hicho hukaa kadi. Msomaji akiazima, kadi hubaki kwetu, naye huondoka na kitabu kilichopigwa muhuri wa siku ya kukirudisha. Kikichakaa hupelekwa kwenye chumba cha ujalidi, ambako hushonwa upya na kutiwa gundi. Kwa ajili ya watu wa ufuoni mwa ziwa tulikuwa na masanduku ya mbao yenye kufuli. Tuliyajaza vitabu na kuyapakia kwenye basi hadi kanisa au shule iliyokubali kuwa kituo cha kusomea, yakakaa huko miezi kadhaa kabla ya kubadilishwa.

Lakini kazi niliyoipenda na kuiogopa kuliko zote ilikuwa ya mwaka mpya. Kila Desemba ilipokaribia kwisha, kila mfanyakazi aliandika tahakiki ya kitabu kilichomgusa zaidi mwaka huo, pamoja na mpango wake wa kusoma mwaka uliofuata. Karatasi zile zilibandikwa kwenye ubao karibu na mlango, na nakala zake zikasafiri na masanduku.

"Usiseme kitabu ni kizuri," Mkutubi Mkuu alinifundisha. "Hilo halimsaidii mtu. Sema kinahusu nani, na kimekufanyia nini. Na mwisho wake usiuguse. Huo ni wa msomaji."

Ubao ule niliuogopa kila Januari. Walimu walisimama mbele yake wakasahihisha Kiswahili changu kwa penseli, palepale, watu wakiona. Hata hivyo jioni vitabu nilivyovitaja vilikuwa vimeazimwa vyote, na mimi nikaenda nyumbani nikiwa sijui nifurahi au niogope mwaka utakaokuja.

Yule mama aliporudi kwao, tulipata Mkutubi Mkuu Mwafrika mwenzetu, bwana aliyekuwa amesomea ng'ambo, mwenye suti ya kijivu na viatu vilivyolia sakafuni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na miaka ile ya sabini mtu wa serikali alikuwa na sababu za kuwa mwoga. "Maktaba haina maoni," alipenda kutuambia. "Maktaba ina vitabu." Tahakiki zetu hakuzizuia, ila kila moja ilipita kwanza mezani kwake.

Mwaka ninaotaka kuwasimulia, kitabu kilichonigusa kilikuwa riwaya nyembamba ya mwanamke aliyefiwa na mumewe, ambaye shemeji zake wanataka mmoja wao amrithi kama desturi inavyotaka, naye hataki. Niliandika kwamba kila mjane anayejua kusoma akitafute, na wale wasiojua watafute wa kuwasomea. Bwana Mkutubi aliigonga karatasi kwa kalamu.

"Hii haina siasa?"

"Haina, Bwana Mkutubi. Ni mambo ya nyumbani tu."

"Basi sawa," akasema, akatia sahihi. Wote wawili tuliamini kwamba mambo ya nyumbani hayawezi kumtia mtu matatani.

Januari ile nililisindikiza mwenyewe sanduku la Usenge, kule ufuoni. Wasomaji walikutana ndani ya kanisa baada ya ibada: walimu, wanunuzi wa samaki, na akina mama kadhaa waliojifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru. Niliwasomea tahakiki zote. Kwa kawaida walicheka na kubishana, lakini nilipoisoma ile ya mjane, akina mama walitazamana. Mwanamume mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Huyo mama kwa kitabu, mwishowe alikubali ama alikataa?"

"Kisome, utajua," nikasema.

Hakucheka. Mama mmoja aliyeitwa Dorina, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, akaja mbele akakiazima kitabu kile bila kumtazama mtu. Nilimpigia muhuri. Sikujua kwamba mumewe, aliyekuwa fundi cherehani, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wala kwamba yule aliyeuliza swali alikuwa shemeji yake, jina lake Okelo.

Mvua za masika hazijaanza, Okelo akaja Kisumu akiwa na wazee wawili. Walisimama mbele ya kaunta yangu wakiwa na kofia mikononi, na adabu yao ndiyo iliyonitia hofu.

"Mama, ile kitabu yenu imeharibu mke wa marehemu ndugu yangu," Okelo akasema. "Tukimwambia maneno ya nyumba, anatuambia amesoma. Amesoma! Watoto ni wetu, nyumba ni yetu. Sasa sisi tumekuja kuuliza, nani alituma hiyo kitabu?"

Bwana Mkutubi aliwaita ofisini kwake. Walipotoka, viatu vyake vililia hadi mezani kwangu.

"Ulikuwa unafikiria nini?" akaninong'oneza. "Wamesema wanaenda kwa chifu. Chifu ataenda kwa mkubwa wake, D.O. Na D.O. ataniuliza mimi! Kesho utapanda basi, ukichukue kitabu hicho, useme ilikuwa makosa ya ofisi, na yaishe."

Jioni ile niliyasimulia nyumbani. Mume wangu aliniambia nisijali, barua ya kufukuzwa kazi haiandikwi kwa siku moja, na maneno yake yakanizidishia wasiwasi. Lakini si kazi tu iliyonisumbua. Akilini nilimwona Dorina akitolewa nje ya nyumba yake na masufuria yake, watoto wakilia, kwa sababu ya karatasi yangu. Mimi niliyafanya maisha ya mjane kuwa mpango wa kusoma. Mimi nilikuwa na mume, na mshahara, na mlango wa kufunga.

Nilimkuta Dorina ufuoni, ameinama akigeuza omena zilizoanikwa juu ya nyavu kuukuu. Niliposema nimekuja kuchukua kitabu, alifuta mikono kwenye leso, akaangalia kulia na kushoto.

"Kaa chini, nyamera," akasema. Aliniita dada. "Hicho kitabu mimi sijamaliza."

"Umefika wapi?"

"Mbali sana sijafika. Macho yangu inasoma polepole. Huyo mama bado anaomboleza."

Sikuelewa. "Lakini umewaambia shemeji zako kwamba kitabu ndicho kilichokufundisha kukataa."

"Nilikataa hata kabla mzee wangu hajazikwa," akasema, akiendelea kugeuza omena. "Kwa roho. Lakini nitawaambia nini? Nikisema ni mimi Dorina nimekataa, watanipiga, watasema nina bwana mwingine. Nikisema ni kitabu ya serikali, wataenda kugombana na serikali. Wewe uko na ofisi, uko na meza. Nilijua wewe hawawezi kukupiga." Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wamekusumbua sana?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwambia hawakunisumbua sana.

Mchana ule chifu alikuwa ameitisha baraza dogo juu ya jambo hili, na aliposikia nimefika akaniita mbele yake. Njiani nilipanga maneno. Kujitetea kulikuwa rahisi: ningesema tu kwamba mama huyu hajafika hata katikati ya kitabu, kwa hiyo maktaba haina hatia, na kazi yangu ingepona. Ila maneno hayo hayo yangemwacha Dorina peke yake mbele ya Okelo.

Chifu alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya kazi na fimbo. "Wewe ndiye ulimfundisha huyu mama kukataa watu wake?" akaniuliza.

Dorina alikuwa ameketi chini pamoja na wanawake, anatazama vidole vyake vya miguu. Nikasikia sauti yangu ikitoka nyembamba.

"Kitabu nilikileta mimi, Mzee. Na niliandika kwamba kila mjane akisome. Huyu alinitii tu."

Lo! Nilikaripiwa siku ile. Chifu alisema juu ya wasichana wa ofisini wanaobeba moto na kuutia kwenye nyumba za watu, akasema ataniandikia barua kwa wakubwa wangu, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilisimama, mikono nyuma, nikihesabu kwamba kila neno linalonipiga mimi limempita Dorina. Chifu alipochoka na mimi, alimgeukia Okelo.

"Na wewe, Okelo, uko na wake wawili wazuri, wametulia. Huyu ameshaharibiwa na kitabu. Unamtaka wa nini? Ukimpeleka kwako, atawasomea na hao wengine."

Baraza zima liliangua kicheko. Okelo mwenyewe akacheka, kwanza kwa aibu, halafu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Chifu akaamua kwamba mjane akae katika nyumba yake alee watoto wa marehemu, na mtu asimguse. Dorina hakuinua uso. Nilirudi Kisumu bila kitabu, maana hakuna aliyekumbuka kuniuliza kiko wapi.

Barua ya chifu ilifika kweli. Bwana Mkutubi aliniondoa kaunta na kunipeleka kwenye chumba cha ujalidi, na mwaka mpya uliofuata ubao wa mlangoni ulikuwa mtupu. Niliishi kwa hofu siku zile. Viatu vyake vikilia koridoni, sindano ilinichoma kidole, kwa kuwa nilidhani anakuja na barua ya kunifukuza. Ningeweza kumweleza ukweli wa Dorina, lakini Usenge si mbali, na maneno husafiri kwa basi kama vitabu.

Siku moja viatu vililia hadi mlangoni mwangu. Alikuwa ameshika nakala yetu nyingine ya riwaya ile, uti wake umekatika, kurasa zinaning'inia.

"Imeazimwa mpaka imekufa," akasema. "Ishone vizuri." Alisimama kidogo, akakohoa. "Wasomaji wananiuliza ubao una nini siku hizi. Desemba uandike. Lakini nione kwanza."

Nikaandika Desemba ile, na Desemba zote zilizofuata, hadi nilipostaafu. Dorina alimaliza kitabu chake mwaka wa pili, akakirudisha kikinuka omena, akaazima kingine. Hatukuwahi kuzungumza tena habari ya baraza. Shemeji yake alimsaidia kuezeka upya nyumba ile, na ndivyo watu wa nyumbani walivyo.

Sasa naishi mtaa wa Migosi, Kisumu hiyo hiyo, na kila Januari vijana wa jirani hunijia na mipango yao ya kusoma. Wana majina mengi ya vitabu, na wanataka niseme kama wataweza kuvimaliza vyote. Mimi huwauliza wanavisoma kwa ajili ya nani, na wengi hurudia kunisomea majina ya vitabu. Siwalaumu. Mimi pia ilinichukua muda kujua kwamba karatasi ya mhakiki ikishatoka mkononi, mwenyewe hajui itashikwa na nani, wala huyo ana shida gani.

Mpango wangu wa mwaka huu ni mfupi. Jicho la kulia limefunikwa na mtoto wa jicho, la kushoto limeanza, na daktari hakuniahidi chochote zaidi ya kujaribu. Asubuhi kukiwa na jua nakaa karibu na dirisha. Nimeanza na kitabu chenye herufi ndogo kuliko vyote, kabla jicho la kushoto nalo halijafunikwa.