Mkalimani Aketi Kusikiliza

Kwa miaka mingi, mhubiri yeyote aliyesimama katika kanisa la mabati lililo juu kidogo ya soko la Ishiara hakuwafikia wazee mpaka maneno yake yapite kinywani mwa Wanjira. Wachungaji wa kanisa hilo hutumwa kutoka mbali. Huyu wa sasa, Mchungaji Kaimenyi, ni mzaliwa wa Kanyakine upande wa Meru. Kwao huhubiri Kimeru. Akiwa Ishiara huhubiri Kiswahili, na wazee waliokulia malishoni, ambao Kiswahili walikutana nacho sokoni tu, hungoja mkalimani awaletee neno kwa Kimbeere.

Wanjira aliifanya kazi hiyo kama aliyezaliwa nayo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima wa ndengu na mtama, mjane wa Njagi na mama wa Vincent, fundi seremala mjini Embu. Sauti yake ilijaza kanisa bila kipaza sauti. Mhubiri akiinua mkono, naye aliinua. Akinong'ona, naye alinong'ona. Siku nyingine aliimaliza sentensi kabla mhubiri hajafika mwisho, na watu wakaangua kicheko, kwa maana mhubiri mwenyewe aliishia kusema yale yale.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba Wanjira aliweza kutafsiri mahubiri mazima huku akiwaza mbuzi wake. Neno liliingia sikioni kwa Kiswahili, likatoka mdomoni kwa Kimbeere, na katikati halikusimama popote. Jumapili ilikuwa zamu yake ya kazi. Alikuja akijua wimbo gani utaimbwa, nani atalia wakati wa ushuhuda na mahubiri yataishia wapi. Hakuwa mnafiki. Alimpenda Mungu jinsi mtu anavyompenda ndugu anayeishi naye nyumba moja: hamuulizi habari, kwa kuwa hadhani kuna jipya.

Kisha shingo yake ikaanza kuvimba. Mwanzo aliuficha uvimbe kwa kitambaa. Ulipofika kiasi cha kumsumbua akimeza ugali, Vincent alikuja kumchukua, akampeleka hospitali moja mjini Embu. Daktari alimweleza mapema kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti hupita karibu kabisa na mahali watakapokata. Wanjira alikubali. Upasuaji ukaenda salama na kidonda kikapona vizuri. Lakini alipofungua kinywa kumwita Vincent, ilitoka pumzi tu, kama upepo unaopita chini ya mlango.

"Mshipa umechubuka," daktari alimwambia. "Mshipa huo unaweza kuamka baada ya miezi kadhaa. Unaweza pia usiamke. Itabidi tungoje, mama."

Alirudi Ishiara na mnong'ono. Sokoni alilazimika kuonyesha bei ya ndengu kwa vidole. Mbuzi wake, waliozoea kuitwa kutoka ng'ambo ya korongo, walimtazama tu wakaendelea kula. Hayo aliyavumilia. Lililomchoma ni Jumapili ya kwanza, alipoingia kanisani akamkuta Mwalimu Muchangi amesimama mahali pake, kando ya mchungaji.

Muchangi alifundisha shule ya msingi ya hapo karibu. Alikuwa kijana mwenye adabu, ila kwao ni Kianjokoma, juu kule kwenye baridi na majani chai, na Kimbeere chake kilikuwa Kiembu kilichovaa koti la kuazima. Alisitasita. Alirudia maneno. Mchungaji Kaimenyi aliposema jambo refu na tamu, Muchangi alilileta fupi na kavu kama kuni.

Wanjira hakujua pa kukaa. Kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuwa na kiti kanisani, kwa maana mkalimani husimama. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa karibu na dirisha akasogea, akapiga ubao kwa kiganja.

"Keti hapa, Mama Vincent. Jumapili nyingi nimekuona ukisimama, mpaka miguu yangu mimi ikachoka."

Alikuwa Cucu Igoki, yaani Bibi Igoki, anayeishi upande wa mto na kusuka vikapu. Wanjira alimfahamu kama anavyofahamika kila mtu Ishiara, lakini hakuwahi kukaa naye. Sasa alimwona kwa karibu. Igoki alikuwa amefika mapema kuliko wote. Alikuwa amenawa miguu kwenye bomba la nje na kujipaka mafuta mpaka magoti. Mchungaji alipopanda mimbarani, kikongwe huyo alikaa mbele kidogo kwenye benchi, mikono imefunguka mapajani, akamnong'oneza Wanjira:

"Sijui leo atatuambia nini."

"Mchungaji?" Wanjira aliuliza kwa pumzi.

"Mchungaji ana nini cha kuniambia, mtoto wa jana? Namsema Mungu."

Baada ya ibada Igoki alimshika mkono wakatoka pamoja hadi kwenye jua. "Haya, umepata nini?"

Wanjira akamwinamia sikioni. "Muchangi ametafsiri vibaya. Neno la mwisho amelipotosha kabisa."

"Sikukuuliza Muchangi ametafsiri vipi. Nimeuliza umepata nini."

Wanjira akakaza kitambaa cha shingoni, akashika njia ya nyumbani.

Jumapili zilizofuata hali ilikuwa ile ile. Ibada ikiisha, Wanjira alimfuata Muchangi hadi mlangoni na kumhesabia makosa kwa mnong'ono mkali, kidole kikiwa hewani. Kijana aliinamisha kichwa akisema, "Ndiyo mama, asante mama." Kisha Igoki alimngojea nje na swali lake. Igoki mwenyewe kila mara alikuwa na la kusema. Siku moja alisema amepata amani juu ya binti yake. Siku nyingine amekumbushwa kwenda kumwomba jirani msamaha, na alikwenda jioni hiyo hiyo. Siku moja alikiri kwamba hakupata kitu. "Lakini nilikuwa pale," alisema, "na Jumapili ijayo nitakuwa pale tena. Mwenye nyumba akikuta mlango wazi kila siku, ataingia tu."

Wivu ulimwingia Wanjira. Wote wawili walikaa benchi moja, wakasikia maneno yale yale mabovu ya Muchangi, na mmoja akirudi nyumbani ameshiba, mwingine akirudi na hasira. Asubuhi moja, akitoka nyumbani kwenda kanisani, alisimama katikati ya shamba lake. Mvua ilikuwa imechelewa na ndengu zilikuwa zimekunja majani. Akanena kwa ule mnong'ono wake, pasipo mtu wa kumsikia ila ndege:

"Bwana, mimi ni Wanjira. Nimekuhudumia miaka mingi na sijakuuliza kitu. Leo ninakuja bila kazi. Sina sauti, sina cha kukupa, na moyo wangu umekauka kuliko shamba hili. Ukiwa na neno langu, nitakuwa pale dirishani, kando ya Igoki. Sitamsahihisha mtu. Nitangoja."

Alipofika bombani alivua viatu akanawa miguu. Alijiona mjinga kidogo, lakini akanawa.

Ibada ilianza na Wanjira akashangaa. Wimbo wa kwanza aliujua tangu utotoni, lakini aliuimba moyoni polepole kama mtu anayetafuna, na maneno yakawa na ladha. Wakati wa maombi hakupanga kesho. Mchungaji Kaimenyi alipofika katikati ya mahubiri yake, alitua, akafuta jasho, akasema kwa Kiswahili chake chenye mvuto wa Kimeru:

"Ndugu zangu, huenda miongoni mwetu yupo mtumishi mwaminifu ambaye miaka mingi amewachotea wenzake maji ya uzima, akawagawia kwa ukarimu, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kutua mtungi ili naye anywe."

Wanjira angeitafsiri sentensi hiyo akaipamba, na watu wangesema aa! Muchangi alikuna kichwa. Alitafuta maneno, hakuyapata, akatoa aliyonayo, mafupi:

"Wewe. Weka mtungi chini. Kunywa."

Wengine walitabasamu kwa ufupi huo. Wanjira hakutabasamu. Neno lilikuwa limeingia, na safari hii hapakuwa na njia ya kutokea. Halikwenda kinywani. Lilibaki ndani yake, likashuka, likafika mahali ambapo hakuwa amefika mtu tangu siku walipomzika Njagi. Aliuona huo mtungi. Alisikia uzito wake mabegani. Machozi yakaanza kumtoka bila kwikwi, mengi, yakilowesha kitambaa kilichofunika kovu la shingo yake, na pamoja nayo ikaja furaha ambayo hakuweza kuieleza asili yake. Hakuna aliyemwona ila Igoki, aliyempa pembe ya leso yake na kuendelea kumsikiliza mchungaji.

Nje, Igoki hakuuliza kitu siku hiyo. Wanjira ndiye aliyemshika mkono.

"Nimepata," alinong'ona.

"Naona," Igoki alisema. "Umelowa kama aliyenyeshewa."

Muchangi alikuwa amesimama mlangoni akingojea kuhesabiwa makosa. Wanjira alimwendea, akamshika mikono yote miwili.

"Mwalimu, asante. Umeniletea neno langu."

Kijana alitazama huku na huku kana kwamba anaongelewa mtu mwingine. "Lakini mama, pale kwenye mtungi niliharibu."

"Hukuharibu. Mimi ningeharibu."

Tangu siku hiyo Wanjira alikuwa mtu anayengojea Jumapili. Jumamosi jioni aliwahi kulaza mbuzi, akanyoosha nguo yake, akakaa mlangoni akitaja mbele za Mungu majina ya watu wa benchi lake. Alipoenda hospitali kuangaliwa, daktari alimwambia mshipa bado umelala. Vincent alihuzunika kuliko mama yake.

"Mama, huumii moyo?" alimuuliza walipokuwa wakila chapati mjini.

"Naitaka sauti yangu, mwanangu. Naiomba kila siku. Lakini siingoji irudi ndipo nifurahi."

Mvua ilikuja kwa kuchelewa, ikaja kwa wingi. Ndengu zilifufuka, zikachanua, zikabeba mpaka watu wakasaidiana kuchuma. Ikafika Jumapili ya shukrani ya mavuno. Vincent alikuja kutoka Embu. Watu waliingia wakicheza, kila mmoja na chake kichwani: ndengu, kunde, mtama, maboga, kuku waliofungwa miguu. Igoki alileta kikapu kipya chenye maembe. Vyote vikarundikwa mbele mpaka mchungaji akakosa pa kuweka miguu.

Wanjira alikaa dirishani, mbele kidogo kwenye benchi, mikono imefunguka. Mchungaji Kaimenyi alihubiri kwa nguvu siku hiyo, na Muchangi, ambaye Kimbeere chake kilikuwa kimeanza kuota mizizi, alienda naye bega kwa bega. Mchungaji akasema:

"Hatukuja hapa kukumbuka Mungu aliyekuwepo zamani. Mungu yu hai! Alifika humu kabla yetu. Sisi tukiwa tunafunga vifungo nyumbani, yeye alikuwa ameshaketi, anatungoja!"

Muchangi akageuka kwa wazee, akapaza sauti: "Yuko hapa! Alifika kwanza! Anatungoja sisi!"

Ndipo kigelegele kikapasua kanisa. Kilitoka upande wa dirisha, kirefu, chembamba mwanzoni kama uzi, kikatetemeka, kikapanda, kikawa kigumu na king'aavu mpaka mabati ya paa yakaitikia. Watu waligeuka kutafuta ni nani. Vincent alisimama ghafla na benchi likaanguka nyuma yake. Alikuwa mama yake. Wanjira mwenyewe alikuwa ameshika shingo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, kama aliyeona ndege akiruka kutoka kifuani mwake.

Hakuwa amekusudia. Neno lilimfika, na furaha ikapanda bila kuuliza kama njia iko wazi.

"Tena!" Igoki alimwambia, akimpiga bega. "Mama Vincent, tena!"

Akapiga cha pili. Hiki kilikwaruza, lakini kilifika mlangoni. Cha tatu hakikusikika peke yake, kwa maana kina mama wote walikuwa wamekidaka. Mwenye ngoma akaipiga bila kuambiwa. Wazee wenye fimbo waliziacha mabenchini. Vincent alimkumbatia mama yake akalia hadharani, na Muchangi akarusha mikono juu kama mwanafunzi aliyetangaziwa likizo. Kuku wakakata kamba, wakakimbia kati ya maboga, na hakuna aliyewafuata.

Mchungaji alingoja, akangoja, karatasi zake mkononi. Mwishowe akamwuliza Muchangi, "Tuendelee?"

Muchangi akamtafsiria Igoki, aliyekuwa akipita mbele akicheza.

"Mwambie aweke hizo karatasi," Igoki alijibu. "Mahubiri yameshafika."

Kaimenyi alicheka mpaka akainama, akaziweka karatasi juu ya gunia la mtama, akajiunga na mstari. Walitoka nje wakiimba, wakauzunguka uwanja wa kanisa, na watu waliokuwa sokoni wakaacha vibanda vyao kuja kuona kuna arusi ya nani.

Sauti ya Wanjira ilirudi kidogo kidogo kwa wiki zilizofuata. Ni nzito sasa, ina mkwaruzo, na jioni huchoka. Baraza la kanisa lilimwomba ashike tena nafasi yake. Alikubali kwa sharti kwamba Muchangi asiondolewe, na wapokezane. Zamu yake ikifika, watu huona tofauti. Mhubiri akisema, Wanjira hakimbilii. Hunyamaza kwanza, kichwa ameinamisha kidogo, na siku nyingine uso wake hubadilika kabla kinywa hakijafunguka. Wapo wageni wanaodhani amesahau Kiswahili. Wazee wa Ishiara hawana wasiwasi. Husogea mbele kwenye mabenchi yao, wakingoja.