Mama mkwe wangu alivyonivusha kwa unit ya vita za kimataifa

Wakuu, salamu kwenu wote, wa mjini na wa shambani. Leo mnivumilie. Nina furaha mpaka asubuhi nimewekea wageni chumvi kwa chai badala ya sukari, na wamekunywa wakanyamaza.

Nitasimulia vile ilikuwa, bila kuongeza hata tone. Mwenye ana shaka akuje huku Mogogosiek, Konoin, aulize, hii habari imeshanitangulia kila mahali.

Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka thelathini na tisa. Tuko na shamba kidogo ya chai na ng'ombe wawili. Mwaka juzi nilijiunga na campus moja mjini Kericho, masomo ya wikendi, International Relations.

Watu walicheka! Jirani mmoja aliniuliza kama nikimaliza nitakuwa balozi wa pale soko ya Silibwet.

Sasa, kulikuwa na unit moja ya vita za siku hizi na vile zinabadilisha uhusiano wa nchi na nchi. Hiyo unit ilinitoa jasho. Mtihani wa kwanza nilianguka. Lecturer wetu, mama mmoja mkali tunamwita Daktari, alirudisha karatasi yangu na sentensi moja ya kalamu nyekundu: "Haya ni maneno ya mtandao. Wewe mwenyewe unafikiria nini?"

Wakuu, mimi sikuwa nafikiria kitu. Nilikuwa nimekariri.

Ikabaki presentation. Kusimama mbele ya darasa dakika ishirini, halafu maswali. Nikianguka hiyo pia, narudia mwaka mzima.

Na Baba Kiptoo, bwana yangu, alikuwa ameniambia polepole, bila ubaya, kwamba mwaka mwingine hatutaweza. Huyu ni mtu ambaye kila Jumamosi alikuwa anachuna majani kwa zamu yangu kisha anaenda kukamua. Nilijua hasemi kwa wivu. Amechoka tu.

Nikachagua mada: vile vita ya Sudan na shida ya meli huko Bahari ya Shamu zilifika mpaka kwa chai yetu. Nikakusanya maneno makubwa ya Kizungu. Nikawa nayakariri nikichuna majani, kwa sauti, kama mhubiri.

Siku moja mama mkwe wangu alikuwa anachuna laini ya pili. Sisi wote nyumbani tunamwita Kogo, yaani nyanya, kwa sababu watoto ndio walianza. Ni mama wa maneno machache. Ana redio ndogo anaifunga ndani ya leso kifuani, inaongea siku nzima. Mimi nilidhani ni ya kumfukuzia upweke tu.

Akasimama. Akauliza, "Mama Kiptoo, unasema nini hapo juu ya meli?"

Nikamtafsiria: meli zinashambuliwa Bahari ya Shamu.

"Hiyo ni ya zamani," akasema. "Siku hizi zingine zinazungukia huko chini kabisa, Afrika Kusini. Ndio mizigo inachelewa. Na Sudan hukutaja kwa nini ilikasirikia Kenya."

Kikapu kilitaka kuanguka kutoka mgongoni.

Huyu mama hajawahi kukaa darasani hata siku moja! Na hapo hapo, akiendelea kuchuna, akanipangia vita moja baada ya nyingine: nani anapigana na nani, nani anampa nani silaha, walikutana mji gani, wakaachana bila kusikizana, wakaenda kuongelea mji mwingine. Alitaja majenerali kama anataja wajukuu.

Nikamuuliza amejulia wapi haya yote.

Akatupa majani kwa kikapu. Kisha akaniambia kuhusu mdogo wake, yule mzee mcheshi wa Kipkelion mwenye hutuletea mahindi. Kumbe zamani alikuwa mwanajeshi, akatumwa nje pamoja na walinda amani. Barua hazikuwa zinafika. Kogo akauza mbuzi, akanunua redio, akaanza kusikiliza habari za dunia ndio ajue kama ndugu yake ako hai.

"Alirudi," akasema. "Lakini nilikuwa nimeshajua majina ya watu wa huko. Ningewaachaje?"

Wakuu, miaka kumi na sita nimeishi boma moja na huyu mama. Kumi na sita! Nilikuwa namuuliza tu kama maji ya kuoga imepata joto.

Basi kuanzia hapo shamba likageuka darasa. Mimi nasema, Kogo anapinga. Nikisema "athari za kiuchumi," ananiuliza, "Athari gani? Kwa nani?" Ikabidi niende kwa rafiki yangu Akinyi, mtu wa upande wa ziwa, yeye hufanya kazi ya kupakia chai kiwandani. Akaniambia vile kuna wakati magunia yalikaa stoo mpaka wakakosa pa kupitia. Nikaandika.

Nikarudi kwa Kogo nikijiona. Akasikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo lilibomoa karatasi yangu yote:

"Umeongea juu ya chai yenye haikufika. Wale walikuwa wanainywa wako wapi?"

Sikuwa nimewafikiria, wakuu. Hata mara moja.

Nikaandika upya kutoka mwanzo. Safari hii nikiwaweka watu ndani.

Jumamosi ya presentation ikafika. Naamka, napata Kogo amevaa nguo yake ya kuendea harusi, kitambaa kipya kichwani, viatu vimepakwa mafuta. "Naenda kusikia," akasema. Baba Kiptoo alijaribu kumzuia, akaangaliwa tu mara moja, akaenda kukamua.

Daktari alimruhusu akae nyuma. Nikaanza.

Mwanzo Kizungu kikawa kinatoka vipande vipande, lakini nikafika mwisho. Ndio Daktari akavua miwani.

"Vizuri. Lakini Sudan ilisimamisha chai yetu kwa sababu kundi linalopigana na jeshi lake lilikaribishwa kwa mkutano Nairobi. Kenya ilisema inatafuta amani. Nani alikosea?"

Nikapekua karatasi zangu. Nikaangalia ukuta. Nikaangalia viatu vyangu. Mtu akakohoa.

Kogo hajui Kizungu. Nikamwona anamvuta shati kijana mwenye amekaa karibu, kijana anamnong'onezea. Halafu, mbele ya darasa nzima, sauti ya Kikipsigis ikapasuka kutoka nyuma:

"Mwambie! Si tuliongea hii kwa majani? Ndugu wawili wakipigana, ukipikia mmoja chai, mwingine atakusalimia kesho?"

Wenye wanajua Kikipsigis wakaangua kicheko, mmoja akapiga meza. Daktari, ambaye ametoka Machakos na hajui lugha yetu, akauliza, "Amesema nini huyo mama?"

Nikatafsiri. Na wakuu, sijui nini ilifunguka kifuani, lakini sikunyamaza tena! Nikasema mwenye anataka kupatanisha lazima wote wawili wamwone ni mtu wa katikati, na mmoja akishaona umeegemea, hata nia yako njema haikusaidii. Jamaa mmoja mbele akapinga, akasema bila kukaribisha wenye bunduki hakuna amani. Nikamjibu kwamba ni kweli, lakini uliza nani atalipa, kwa sababu mkutano ulikuwa Nairobi na majani yaliyokosa mnunuzi ni ya mama wa Konoin. Tukabishana! Mimi! Kwa Kizungu na Kiswahili vikichanganyika kama mahindi na maharagwe kwa githeri, na Daktari anaandika tu.

Mwisho akamwita Kogo mbele. Akamuuliza kwa Kiswahili, kwa heshima, "Mama, hii vita itaisha lini?"

Kogo akafikiria. "Sijui. Retio pia haijui. Lakini siku utasikia wanaagisa sukari na majani mingi, jua watu wamerudi nyumpani."

Hakuna mtu alicheka hiyo Kiswahili yake. Daktari aliinamisha kichwa, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Matokeo yametoka leo. NIMEPITA! Na si kupita kwa kukwaruza, nimepita vizuri. Baba Kiptoo amesoma hayo matokeo kwa simu mara tatu, akaondoka, nikamwona nyuma ya zizi anaruka peke yake kama kijana ametoka jandoni.

Somo langu ni hili. Nilienda mbali kutafuta dunia, na kumbe kulikuwa na mtu mwenye ameibeba miaka yote, akichuna laini ya pili. Sikuwa nimemuuliza tu. Hata wewe, kabla ya kukariri, uliza wa nyumbani kwako.

Sasa semeni nanyi. Kati ya Kenya na Sudan, nani alikosea? Andikeni kwa Kiswahili rahisi, mtu asitukane. Kogo amekaa hapa kando yangu, ananiambia nimsomee kila jibu, na ameshasema ako tayari kuwapinga.