Kisanduku Chenye Taa ya Kijani

Mwanangu, kabla hujaitia mkono mashine ya watu, kaa kidogo nikueleze siku niliyokaribia kuvunja ndoa ya mtu ambaye hata jina lake la pili sikulijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Bukavu na diploma yangu ya elektroniki, naishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, na mama aliyekuwa anashona nguo. Papa Safari, fundi wa simu wa siku nyingi, mtu wa kwetu, ndiye aliyenichukua nifanye naye kazi Lilongwe. Aliniombea kibali cha kutoka kambini, na kila ofisi tuliyoingia alisema, "Huyu binti namjua, mumuamini." Mimi, badala ya kushukuru, nilijiona nimeshafika. Akianza kunieleza jambo nilikuwa namalizia sentensi zake, tena vibaya.

Siku hiyo tuliitwa kwenye ofisi moja karibu na Capital Hill. Tulipelekwa kwenye chumba kidogo chenye baridi, raki ya chuma katikati, na ndani ya raki seva iliyobeba simu zote za ofisi. Seva ile ilikuwa na alimentasio mbili, yaani visanduku viwili vya kuilisha umeme, vimekaa ubavu kwa ubavu. Kimoja kikifa, cha pili kinaendelea na kazi, na unaweza kuchomoa kilichokufa bila kuzima mashine. Kwa mbele, taa ya kushoto ilikuwa ya njano, maana yake kisanduku hicho kimekufa. Ya kulia ilikuwa ya kijani.

"Vaa bracelet," Papa Safari akaniambia. Ni ule mkanda wa mkononi wenye waya unaoshikizwa kwenye chuma, ili umeme wa mwili wako usiunguze vitu vya ndani. "Mi naenda kuona meneja. Usiguse kintu mpaka nirudie. Umesikia?"

"Ndiyo, papa."

Kusikia nilisikia. Alipofunga mlango tu nikazunguka nyuma ya raki, maana visanduku vinachomolewa kwa nyuma. Kushoto, nikajiambia. Nikabana kilimi cha kufungia, nikavuta. Kikatoka vizuri kabisa. Halafu feni zote zikanyamaza.

Ukizunguka nyuma ya kitu, mwanangu, kushoto kunakuwa kulia. Nilikuwa nimeshika kile kilicho hai, chenye taa ya kijani.

Kelele ikatoka ofisi ya meneja. Bwana Chikondi, meneja mwenyewe, alikuwa kwenye simu ya ofisi na mjomba wa mchumba wake, ankhoswe anayesimamia ndoa. Mzee alikuwa amemuuliza, "Mwanetu unampenda kweli?" Na hapo ndipo simu ilipokatika. Kule upande wa pili ikaonekana bwana harusi amekata kwa hasira. Alijaribu kupiga kwa simu yake ya mkononi mara tano. Hawakupokea.

Papa Safari hakunitukana. Alikichukua kile kisanduku mikononi mwangu, akakirudisha mpaka kikalia *ta*, akawasha seva upya. Kisha akaniambia, "We njo ulikata, we njo utaenda kueleza."

Nikapanda minibasi, halafu kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, mpaka mtaa wa Area 36 nilikoelekezwa. Mjomba na mkewe niliwakuta sebuleni wamenuna. Bahati yangu mzee aliwahi kuendesha malori ya Dar es Salaam, Kiswahili alikuwa nacho. Nikapiga magoti kama adabu ya pale inavyotaka, nikaanza na samahani ya Kichewa.

"Pepani, bwana. Mimi ndiye niliyekata simu ya Bwana Chikondi."

Mke wake akanipima toka kichwani mpaka miguuni, akasema kitu kwa Kichewa. Mzee akatafsiri, sauti imebadilika: "Anauliza, wewe msichana ulikuwa unafanya nini ofisini kwake?"

"Sikuwa ofisini kwake, bwana. Nilikuwa nyuma."

"Nyuma ya nini?"

Kila nilivyojieleza nilizidi kuzama. Mwishowe nikaona kabati lao la vyombo, lenye droo mbili. "Mzee, vijiko viko droo gani?"

"Ya kushoto."

"Tafadhali, zunguka nyuma ya kabati, unigongee droo ya vijiko."

Alikunja uso, lakini akalivuta kabati, akaingia nyuma yake, akagonga kwa uhakika kabisa. "Hii hapa." Mkewe, kwa mbele, akafungua droo iliyogongwa. Ndani mlikuwa na matambara na mshumaa.

Mama yule ndiye aliyecheka kwanza, mpaka akakaa chini. Mzee akatoka nyuma na utando wa buibui kwenye nywele. "Miaka yote ile nimerudisha malori nyuma," akasema, "na kabati limenishinda!" Yeye mwenyewe akampigia Bwana Chikondi, akamuuliza swali lile tena. "Nampenda!" ilisikika sebule nzima.

Niliporudi, kisanduku kilichokufa kilikuwa bado mahali pake. "Kazi yako hiyo," Papa Safari akasema. Mara hii nilisoma namba iliyoandikwa nyuma ya kisanduku, nikaangalia taa yake ya njano, ambayo mwanzo sikujali kuitafuta huku nyuma, nikaweka kidole juu yake, na yeye akaweka chake. Nikatoa waya wake, nikabana kilimi, nikavuta kwa mikono miwili. Kipya tulichokuja nacho nikakisukuma mpaka kikalia, nikachomeka waya, nikasubiri taa iwe ya kijani. Hakuna simu iliyokatika.

Basi sikia ninachokuomba. Usivute kitu kwa sababu unakikumbuka. Soma kile ulichokishika sasa hivi. Muite mwenzako aangalie kabla hujabana kilimi, hata kama una diploma, na hasa kama unayo. Fundi akisema subiri, subiri. Na ukiharibu, usijifiche: nenda kwa miguu yako kwa uliyemkosea, ukaseme ni mimi.

Mungu akupe mikono mitulivu. Akupe mkubwa wa kazi asiyekutukana mbele ya watu. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akukutanishe na watu wanaojua kucheka. Nenda, mwanangu, Bwana akutangulie.