Kabla Hujasoma Halbadiri

Nakumbuka Ijumaa moja hapa hapa mtaani Small Heath, huku ugenini kwa wazungu, nikiwa msichana. Ubani ulifukizwa sebuleni mpaka king'ora cha moshi kikalia. Mwanangu, jana uliniomba nikutafutie maalim amsomee Halbadiri aliyekuibia gari. Hebu kaa kitako kwanza, chai bado ya moto.

Bangili za arusi za shangazi yangu, Bi Mwanaidi, zilipotea. Shangazi ndiye aliyetulea, na alikuwa mwema, ila akikasirika hashikiki. Polisi hakuwataka, ati wazungu huandika tu kisha basi. Akamtuhumu mpangaji wetu wa juu, Dada Wairimu, nesi Mkenya, Mkristo, kwa kuwa ndiye pekee mle ndani asiye wa damu yetu. Tena alimtuhumu mlangoni, majirani wanasikia. Kisha akamwita Maalim Haji aje na wasomaji wake wasome Halbadiri, mwizi avimbe tumbo afe.

Halbadiri twaijua sisi watu wa Unguja. Tumelelewa kwa hadithi za mwizi aliyesomewa asubuhi, jioni anabweka. Na mimi, mwanangu, nilikuwa nimemwona mdogo wangu wa kiume akitoka chumbani kwa shangazi, mkono mfukoni, na aliponiona akageuza uso. Nikisema, atafungwa. Nisiposema, atakufa.

Ijumaa ile, wasomaji walipokwisha kukaa sebuleni, Wairimu akateremka mwenyewe, bado na sare za kazi, akaketi katikati yao.

“Someni tu,” akasema. “Huyo Mungu mnayemwita ananijua hata mimi. Lakini kanisani tumefundishwa kisasi ni chake, si changu wala chenu.”

Maalim hakufungua kitabu. Alimgeukia shangazi. “Mwanaidi, Mola wetu pia hapendi dhulma. Hata kadhi hahukumu mpaka asikilize pande mbili. Hii nikiisoma haimsikilizi mtu, wala haimpi nafasi ya kutubu. Kama mwizi ni uliyemlea kwa mikono yako, nisome?”

“Soma,” akasema shangazi.

Maalim akafungua, akapiga bismillahi. Nikamtazama mdogo wangu, midomo imemkauka, macho yako kwangu. Loo! Sijui nguvu nilizipata wapi.

“Maalim, usisome! Ni ndugu yangu.”

Mdogo wangu alianguka miguuni kwa shangazi akilia. Bangili mbili alikuwa amezificha ndani ya soksi, ya tatu ameshaiuza kwa sonara huko Hockley. Na shangazi, yule yule aliyesema soma, akamrukia Maalim, akakifunga kitabu kwa mikono miwili, akakikumbatia asije mtu akakifungua. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, kwa binadamu mchungu.

Basi sote tukadhani yamekwisha. Maalim akakataa. Alimshika kijana mkono, akamfikisha polisi mwenyewe, na siku ya kesi alikaa nyuma yake mahakamani. Hakimu alimwuliza, akamsikiliza, kisha akampa adhabu ya kufagia bustani za mji. Alifagia kwenye mvua, wanafunzi wenzake wakimcheka, na ile bangili aliifanyia kazi mpaka akailipa.

Wairimu naye alitaka haki yake. Alisema alituhumiwa mbele ya majirani, basi aombwe radhi mbele ya majirani hao hao. Shangazi aliomba, pale pale mlangoni, sauti ikimkatika. Sijapata kumwona mtu akiogopa mlango wake mwenyewe namna ile.

Kwa hiyo nenda polisi, mwanangu, hata wakikuchosha. Mwizi wako akamatwe, aulizwe, aadhibiwe kwa kadiri ya kosa lake. Lakini usimwombee mtu adhabu usiyoweza kuitazama ikimshukia mwanao. Na usimtaje mtu kwa sababu tu hafanani nawe.

Bado unaniangalia kama mtu asiyesadiki. Haya. Yule mdogo wangu nimeficha jina lake mpaka sasa, kwa kuwa nilitaka kwanza unisikilize. Ni baba yako. Asubuhi nilimpigia kule Great Barr, nikamwuliza kama naweza kukwambia. Akasema, mwambie.

Maalim angesoma ukurasa mmoja tu, sijui leo ningekuwa naongea na nani. Mola akurudishie chako kwa njia ya haki, akukinge na dua mbaya za watu, na za kinywa chako mwenyewe. Sema amin, kisha unywe chai yako.