Siku ya Posa Nilipomuuliza Bi Tatu Habari za Jini Wake

Kwa miaka mingi nikiulizwa posa yangu ilikuwaje nilikuwa najibu ilikuwa nzuri tu, wageni walikuja, wakanywa juisi, wakaondoka. Juisi kweli walikunywa. Lakini aibu niliyoipata siku ile, hadi leo ikinijia nikiwa peke yangu nafumba macho na kusema "basi, basi", kama vile kuna mtu ananisikia.

Tulikuwa tunakaa Tandika, miaka ile televisheni ndo zinaanza kuingia mtaani, na binamu yangu Hamza alikuwa amerudi kutoka masomoni nje na mchezo mmoja wa ajabu, hauna ubao wala karata, mmoja anasimulia kisa na wengine kila mtu anajifanya mhusika ndani yake, ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu. Tulicheza kila Jumamosi mchana, Hamza akisimulia, mie na jirani yetu Joyce (baba yake mwalimu, watu wa Moshi) tukiwa wahusika. Joyce alikuwa fundi mitambo, mie jini wa miaka mia nne anayeishi pangoni Kunduchi. Kisa kilikuwa cha Dar ya miaka mingi mbele, watu wanapandikizwa mikono ya chuma na macho ya mashine, na mie nami nikataka jicho.

Hamza akakataa. "Jini kaumbwa kwa moto, Zuhura. Hiyo mashine utaifunga wapi?"

"Jini si anampanda mtu?" Joyce akauliza. "Akimpanda mtu mwenye mashine, si tayari vimechanganyika?"

"Vikichanganyika hakuna tena cha kuogopa. Jini anakuwa redio tu."

Tukabishana Jumamosi tatu, ubishi ukanikaa kichwani kuliko hata posa yangu, iliyokuwa Jumapili inayofuata.

Sasa mchumba wangu Idrisa alikuwaga amenidokeza, kwa siri, kwamba shangazi yake aliyemlea, Bi Tatu wa Kinondoni, ana jini wake wa siku nyingi, na kwamba mwaka ule alivunjika nyonga akawekewa chuma hospitali. (Mnaona akili yangu ilikokwenda.)

Jumapili ikafika. Kazi yangu ilikuwa kupeleka juisi ya ukwaju, kuamkia na kurudi ndani. Nikaamkia, nikamfikia Bi Tatu, na badala ya kuondoka nikachuchumaa pembeni yake nikamuuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya chini, "Shangazi, tangu uwekewe kile chuma, jini wako bado anapanda?"

Sebule nzima ilisikia. Mama akaweka glasi chini. Ningeomba radhi hapo hapo pengine yangeisha, lakini mie nikajieleza. Nikasema nauliza kwa sababu hata mie ni jini. Nikasema nina miaka mia nne. Mshenga, mzee mpole sana, akaniangalia kisha akamgeukia baba, "Hili la binti hatukuambiwa."

Hamza, akitaka kuniokoa, akaleta karatasi yangu ya mchezo waone kwamba ni mchezo tu. Mshenga akavaa miwani akaisoma mbele ya wote, taratibu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Makazi, pango la Kunduchi. Chakula, damu. Udhaifu, wanaume wazuri."

Nikakimbilia jikoni. Baada ya muda Bi Tatu akaja na mkongojo wake, akamwomba mama atupishe, akakaa kwenye kigoda kwa shida.

"Nani alikwambia?"

"Idrisa. Nisamehe, shangazi."

"Ulikuwa unataka kujua nini hasa?"

Nikamweleza yote, hadi habari ya jicho. Hakucheka. Akapapasa nyonga yake.

"Tangu nitoke hospitali hajaja," akasema. "Miaka thelathini nilikuwa naye. Daktari anasema chuma hakina madhara, nami siwezi kumuuliza daktari jambo hili. Wote wananiuliza mguu tu." Kisha akaninyooshea mkono nimwinue. "Ila ungeniuliza tukiwa wawili."

Wageni waliaga wakasema watakwenda kushauriana, na walishauriana miezi miwili. Idrisa hakusema nami wiki mbili za mwanzo, na sikumlaumu, maana aliyeaibishwa na siri yake ni mama aliyemlea. Mwisho jibu lililetwa na Bi Tatu mwenyewe, akasema binti anafaa.

Jumamosi iliyofuata ile posa nilimwambia Hamza silitaki tena jicho. Akadhani amenishinda kwa hoja, akatabasamu mchana kutwa, nami nikamwacha, kwa sababu kumjibu kungenilazimu kutoa maneno ya jikoni. Hayo niliyaweka moyoni hadi Bi Tatu alipofariki. Siku hizi nikinong'onezwa jambo la mtu, hata liwe linajibu swali lililoninyima usingizi mwezi mzima, nanyamaza nalo.